Daftari lisilo na safu ya saa: barua ya wazi kuhusu ujira wa wabanguaji korosho Mtwara

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,
Kwa wajumbe wa Bodi ya Mishahara ya sekta binafsi,
Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara,
Kwa uongozi wa Bodi ya Korosho Tanzania,

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote.

Kwa misimu sita nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha kubangua korosho hapa Mtwara. Kiwanda sitakitaja, maana ninayoyasema nimeyasikia pia kwa makarani wenzangu wa kwingine, na sitaki barua hii igeuke kesi ya mwajiri mmoja. Kazi yangu ilikuwa hii: mama anakuja na beseni lake, ninapima, ninaandika, anasaini au anaweka dole gumba, anarudi mezani kwake. Daftari lilikuwa na safu nne. Jina. Kilo za korosho nzima. Kilo za vipande. Saini.

Mimi nililipwa kwa mwezi. Wao walilipwa kwa kilo, na vipande vililipwa chini ya korosho nzima. Getini tulikuwa tunaingia pamoja asubuhi, jioni tunatoka pamoja.

Msimu wangu wa nne ulikuja mzigo ambao haukuwa umepikwa vizuri. Anayejua kubangua anaelewa maana yake: ganda halikatiki kwa urahisi, mafuta yake yanaruka, punje inatoka imevunjika. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, ndiyo maana akina mama hupaka mafuta ya kupikia na majivu mikononi kabla ya kukaa mezani. Siku hiyo mama mmoja wa Chikongola, mwenye mkono mwepesi kuliko karibu wote, alileta jioni chini ya nusu ya kilo zake za kawaida, na sehemu kubwa ilikuwa vipande. Hakuwa amesimama ila kula na kuswali. Nilipima, nikaandika. Akaliangalia daftari kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, saa nilizokaa umeziandika wapi?"

Sikuwa na pa kuziandika. Ndilo swali lililonifanya niwaandikie.

Kosa la siku ile lilitokea kwenye chumba cha kupikia. Aliyelipia alikuwa yeye, kwa ujira wa nusu siku kwa kazi ya siku nzima. Kwenye daftari langu alionekana mvivu.

Sasa twende kwenye sheria. Sheria tunazo, na baadhi ni nzuri. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 ndiyo inayompa Waziri mamlaka ya kuunda bodi za mishahara na kutoa amri ya kima cha chini. Amri iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, ambayo ndiyo iliyokuwepo katika misimu yangu ya mwisho kazini, iliweka shilingi 140,000 kwa mwezi kwa kilimo na 150,000 kwa biashara na viwanda. Mbanguaji umweke upande wowote kati ya hizo mbili, tofauti ni elfu kumi. Amri haikuishia kwenye mwezi. Ilitaja pia kiwango cha wiki mbili, cha wiki, cha siku na cha saa. Kwa kilimo, saa ilikuwa karibu shilingi 718, na siku karibu 5,385.

Kwa hiyo kila saa ya mama yule ilikuwa na bei yake kisheria. Ila hakuna aliyeiandika saa hiyo, na saa isiyoandikwa haiwezi kulinganishwa na chochote. Mkaguzi alifika kiwandani mara moja katika misimu yangu yote sita. Alikaa ofisini, akaona mikataba yetu sisi wa mwezi, akaona imekaa sawa. Daftari la mizani hakuliomba. Hata angeliomba, lisingemwambia kitu. Lilikuwa daftari safi kabisa, kila kilo na saini yake.

Naomba nifanye hesabu mbele yenu, kwa mfano tu. Tuseme mbanguaji wa kawaida, si yule mwepesi kupita wote wala anayejifunza, anatoa kilo 6 katika siku ya kazi ya saa saba na nusu. Ili asishuke chini ya amri ya wakati ule, kilo moja isingelipwa chini ya shilingi 898. Akikaa saa tisa, kiwango cha siku kinapanda hadi karibu 6,460, na bei ya kilo haina budi kusomwa upya kwa zile alizotoa ndani ya saa tisa. Hesabu hii anaiweza mtoto wa darasa la sita. Sijawahi kuiona imebandikwa kwenye ukuta wa kiwanda. Bei ya kilo tulikuwa tunatangaziwa mwanzo wa msimu na msimamizi, kwa mdomo, na mwenye kuuliza imetokana na nini aliambiwa msimu huu soko gumu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 inamjua mtu anayelipwa kwa kipimo cha kazi. Inasema namna ya kupata ujira wake wa msingi wa wiki: unachukua alichopata katika wiki 13 zilizotangulia. Ni jambo jema pale unapotafuta malipo ya likizo au ya kuachishwa. Lakini kama wiki hizo 13 zote alikuwa akilipwa chini ya kiwango, wastani wake nao utakuwa chini ya kiwango, na hakuna mahali hesabu hiyo inaporudi kuuliza saa.

Waheshimiwa, sisi watu wa Kusini bei ya haki tunaijua. Tumeipigania. Kwa upande wa korosho, mfumo wa stakabadhi ghalani ulianzia hapa Mtwara mwaka 2007, na ulikuja kwa sababu mkulima alikuwa ananyonywa na kangomba, yule mnunuzi anayekuja kijijini kabla ya msimu na kipimo chake mwenyewe, anachukua korosho kwa bei anayoitaka kwa sababu anajua nyumbani kwako kuna njaa. Serikali ikasema hapana. Korosho iende ghalani, ipimwe kwa mizani inayotambulika, iuzwe mnadani, bei isikike na kila mtu. Leo mkulima wa Tandahimba ana chama chake cha msingi cha ushirika, juu yake kuna TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, juu yake kuna Bodi ya Korosho yenye makao makuu hapa hapa Mtwara, na mnada umeingia kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa. Bei ikiwa mbovu anakataa. Mwaka 2018 wakulima walikataa kweli, na mwezi Novemba Serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malipo ya msimu ule yaliwatesa wengi, sijasahau, babu yangu alisubiri miezi. Lakini hakuna mkulima aliyeambiwa kwamba bei ya korosho yake ni siri ya mnunuzi.

Korosho ile ile ikishaingia kiwandani na kufika mezani kwa mama, mambo yote hayo yanakoma. Anayepanga bei ni mmoja, mizani ni ya kwake, karani ni wa kwake (karani mwenyewe ndiye mimi), na anayeuza nguvu zake hana chama cha msingi wala mnada wala bei dira ya kumwongoza. Hiyo ni kangomba, waheshimiwa. Tulimfukuza kijijini akaingia kiwandani.

Mtaniambia kuna vyama vya wafanyakazi. Vipo, na walikuja. Kijana mmoja wa chama alifika na fomu zake za TUF 6, zile ambazo mfanyakazi anajaza ili akatwe ada ya chama. Alifanya kazi ya kweli, alikuwa anakaa nje ya geti jua likizama ili azungumze na akina mama wakitoka. Sheria inasema chama kinachokuwa na wengi mahali pa kazi ndicho kinachotambuliwa kujadiliana na mwajiri. Alipokaribia kupata hao wengi, ghala likaisha korosho ghafi, watu wakapumzishwa. Msimu uliofuata karibu nusu ya meza zilikuwa na sura mpya. Akaanza upya. Msimu wa tatu hakurudi, na simlaumu. Kanuni ya wengi imetungwa ikimwona mfanyakazi anayekuwepo leo, mwezi ujao na mwakani. Kwenye kazi ya msimu inakuwa kama kujaza maji kwenye pakacha.

Ipo pia miezi sita. Sehemu ya sheria inayomlinda mfanyakazi asiachishwe kazi bila haki haimhusu aliye na chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Naelewa sababu yake, mwajiri anahitaji muda wa kumjua mtu. Lakini kazi yenyewe ikiwa haifiki miezi sita kwa mpigo, mama anajiona mgeni kila mwaka mahali alipozeekea. Ndiyo maana mama yule wa Chikongola, aliyeuliza swali la haki kabisa, aliniuliza kwa sauti ya chini.

Naomba sasa niseme kuhusu pengo lenyewe la mishahara, maana Mtwara tunaliona kwa macho. Nyumba niliyopanga Magomeni ya hapa Mtwara ilikuwa na vyumba sita. Mpangaji mmoja alikuwa dereva kwenye kampuni ya mambo ya gesi, mwingine mbanguaji, na kwa mpangaji wa tatu alikuja kila Jumapili mdogo wake, binti wa kazi za ndani aliyekuwa akiishi kwa tajiri wake. Katika amri ile ya 2023, kima cha chini kwenye kampuni kubwa za kimataifa za nishati kilikuwa shilingi 592,000. Kilimo 140,000. Binti wa kazi za ndani anayelala kwa mwajiri, 60,000. Watu watatu wa ua mmoja, wanaonunua unga duka moja na muhogo kwa mama mmoja, na wote watatu wanaitwa wa kima cha chini.

Mtasema gesi inaingiza fedha nyingi, na kampuni yenye uwezo ilipe zaidi. Ilipe, sina kinyongo na dereva yule, ana watoto wanne. Ninachouliza ni kazi ya kima cha chini ni ipi. Nijuavyo mimi, kiliwekwa kwa ajili ya mtu asiye na nguvu ya kudai. Kwetu kimepangwa juu kwa mwenye nguvu, na chini kabisa kwa asiye nayo, yaani kinafuata pengo lililokuwepo sokoni badala ya kulibana. Na pengo lilitanuka. Amri ya mwaka 2013 iliweka 400,000 kwa nishati na 100,000 kwa kilimo, mara nne. Baada ya miaka tisa ya kusubiri, amri iliyofuata iliongeza nishati kwa asilimia 48 na kilimo kwa asilimia 40. Mara nne ikawa zaidi ya mara nne. Sidhani kuna mjumbe aliyekaa akasema tuwaache wakulima nyuma. Nadhani kila sekta ilizungumza kwa sauti iliyokuwa nayo.

Amri mpya iliyoanza tarehe 1 Januari 2026 imepandisha wastani wa kima cha chini cha sekta binafsi kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322. Nashukuru kwa hilo, na nashukuru kwamba safari hii hatukusubiri miaka tisa. Lakini hizo ni takwimu za wastani, na wastani unamchanganya dereva wa gesi na binti wa ndani kwenye sufuria moja. Na nyongeza yoyote, hata ingekuwa asilimia mia, haimfiki anayelipwa kwa kilo mpaka mtu mmoja aichukue kilo na kuigeuza kuwa saa.

Pengo la mishahara hupanuliwa na maamuzi, na hupunguzwa na maamuzi. Oktoba 1966 Mwalimu Nyerere alijikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wakubwa wengine serikalini wakakatwa pia. Soko halikumwambia afanye hivyo. Afrika Kusini walipoanza kima cha chini cha taifa tarehe 1 Januari 2019, waliweka randi 20 kwa saa, lakini mfanyakazi wa shambani akawekewa 18 na wa nyumbani 15. Kama wangeishia hapo wangekuwa kama sisi. Hawakuishia hapo. Wa shambani alifikishwa sawa na wengine Machi 2021, wa nyumbani Machi 2022. Sisi hatuna hata tarehe.

Najua jibu mtakalopewa na wenye viwanda, kwa sababu nililisikia kila msimu: ujira ukipanda, korosho itabanguliwa India na Vietnam, na hizo meza zitabaki tupu. Hofu hiyo siidharau. Watu wa hapa wanakumbuka viwanda 12 vilivyojengwa enzi za Mwalimu, vingi vikaishia kuwa maghala, na korosho yetu nyingi mpaka leo inapanda meli ikiwa na ganda lake. Kazi ya kubangua ikiondoka, wa kwanza kuumia ni mama yule yule.

Lakini tuseme jambo zima. Korosho ghafi inayotoka nje hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Sababu moja ya ushuru huo ni kumpa mbanguaji wa ndani nafuu dhidi ya mnunuzi wa nje. Serikali ina mpango pia wa kongani, yaani eneo moja la viwanda vingi vya korosho, kule Maranje. Hayo ni mazuri. Ila ikiwa nchi imeinama kumsaidia mwenye kiwanda apate korosho na apate eneo, ni haki imuulize pia, huyu mama umemlipaje kwa saa? Nafuu inayotolewa kwa jina la ajira ifike kwenye ajira. Na kiwanda kinachoweza kusimama pale tu ambapo saa za watu haziandikwi, wanaokibeba ni hao watu kwa miili yao.

Sasa ombi langu. Ni dogo kuliko barua yenyewe.

Naomba amri ya mishahara iseme wazi kwamba popote watu wanapolipwa kwa kilo, kwa debe, kwa gunia au kwa tripu, mwajiri aandike saa za kila mtu kila siku, karibu na kipimo chake, na mfanyakazi asaini vyote viwili. Ikitokea kilo za siku zimeshuka chini ya kiwango cha saa kwa sababu isiyo yake, mzigo mbovu, umeme kukatika, mashine kuharibika, alipwe kiwango cha saa. Naomba bei ya kilo ipimwe mwanzo wa kila msimu mbele ya afisa kazi na wabanguaji waliochaguliwa na wenzao: watu kadhaa wenye mikono ya kawaida wakae mezani siku nzima na korosho ya msimu huo, kilo zao zihesabiwe, bei ipatikane, ibandikwe ukutani kwa Kiswahili na kwa maandishi makubwa. Afisa kazi anaruhusiwa na sheria kuingia mahali pa kazi bila taarifa na kukagua kumbukumbu. Apewe kumbukumbu yenye kitu cha kukagua, na apewe usafiri wa kufika Newala, Masasi na Nanyamba, si mjini peke yake.

Bodi ya Korosho inayo sauti kwa wabanguaji wakubwa kuliko ofisi yoyote. Iliweke daftari hili kwenye masharti yake. Na Bodi ya Mishahara, mtakapokaa tena, naomba awepo mtu aliyewahi kubangua, aseme mwenyewe, na mtoke na tarehe ya kulifikisha shamba, na binti wa kazi za ndani, mahali ambapo wengine wapo.

Nikiulizwa kwa nini sikuyasema haya nikiwa na kalamu mkononi, sina jibu la kujitetea. Nilikuwa na mshahara wa mwezi na niliogopa kuupoteza. Mama yule aliacha kazi msimu uliofuata, vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa haviwezi tena kukunjika sawasawa. Siku hizi anauza ming'oko na karanga karibu na stendi. Nikipita ananiita mwanangu kama zamani, na ananiongezea kiganja kimoja juu ya kipimo.

Msimu ukifunguliwa Oktoba, mkimtuma afisa kazi kwenye kiwanda chochote cha mkoa huu kufanya jaribio hilo la siku moja, mimi nitakwenda naye bila malipo. Kusoma mizani ninajua, na daftari nitakuja nalo, nimeshalipigia mistari ya safu tano.

Wenu mtiifu,
Aliyekuwa karani wa mizani,
Mtwara Mikindani